Simu Mbili Zilizofungwa kwa Bitana

Simu ya kwanza mke wangu aliyonipigia kutoka Uingereza ilikatika kabla hajaniambia kama amefika salama. Nilisikia "Haloo," nikasikia jina la mji ambao sikuwahi kuusikia, halafu kimya. Nikampigia mimi. Asubuhi ile nilikuwa nimeweka vocha ambayo kwa kawaida ingenifikisha mwisho wa wiki nikiongea na wateja wangu wote. Iliisha tukiwa bado tunaulizana habari za hali ya hewa. Kwao kulikuwa na baridi. Kwetu nako kulikuwa na baridi, maana Tukuyu mvua ikishaanza, watu hulala na masweta. Basi tukawa tumemaliza salio letu lote kuambiana kwamba kuna baridi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuja huku kutoka Tanga nikiwa kijana, kumsaidia mjomba wangu aliyekuwa na kibanda cha kushonea Bagamoyo, mtaa wa hapa mjini, siyo ule mji wa pwani. Mjomba alipozeeka akarudi nyumbani, akaniachia cherehani, pasi ya mkaa na wateja. Mke wangu nilimpata kwa sababu ya sare. Alikuwa muuguzi hapa mjini, akaniletea gauni lake jeupe nimpunguzie kiuno. Alirudi akasema halijakaa vizuri. Akarudi tena akasema bado. Lilikuwa limekaa vizuri tangu siku ya kwanza, na wote wawili tulijua.

Kwao ni Masukulu, kwenye migomba na chai. Yeye ni wa kanisani na mimi ni wa msikitini, kwa hiyo tulifunga ndoa bomani. Mama yake alikuja kushuhudia akiwa na kitenge kipya na uso wa mtu ambaye hajasema ndiyo wala hapana, anangoja aone. Hakunitendea ubaya hata siku moja. Nikifika kwake aliniandalia ndizi na maziwa, akaniuliza habari za kazi kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, kisha akamgeukia binti yake wakaendelea kwa Kinyakyusa, na mimi nikabaki nakula.

Mke wangu alipopata kazi ya kutunza wazee Uingereza, mkataba wa miaka miwili, tulizungumza jambo hilo kwa muda mrefu. Tulitaka kufungua duka la dawa, na mshahara wa huku na sindano yangu visingetufikisha upesi. Tukakubaliana aende. Nilimshonea koti lenye bitana nzito, nikamsindikiza. Kitu ambacho hatukukizungumza hata kidogo ni namna tutakavyokuwa tunaongea. Tulidhani simu ni simu.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, dada wa Singida aliyepangiwa kazi huku. Mchumba wake alikuwa anasoma China. Alikuja kuchukua sketi, akanikuta nakwangua vocha nyingine.

"Fundi, unaongea na Uingereza kwa vocha?"

"Sasa niongee kwa kitu gani?"

Akavuta benchi la wateja akakaa. "Lete simu yako."

Nilikuwa na simu mbili, kitochi cha zamani na simu janja ambayo mke wangu aliniachia. Mwalimu alichukua ile janja, akaanza kuifungua kama mtu anayechambua mchele. Alinionyesha kwamba kulikuwa na programu zinazojipakua zenyewe na kula bando langu wakati mimi nashona suruali za watu. Akazizima. Akanionyesha kwamba picha na video zinazotumwa kwenye makundi ya msikitini na ya mtaani zilikuwa zinaingia zote bila kuulizwa. Akazizuia, ziwe zinangoja niziguse. Akaniambia ninunue bando la wiki badala ya la siku, na nikitaka kumwona mke wangu kwa video niende pale kwenye duka la kuchapishia, wanauza waifai kwa saa.

"Lakini siku za kawaida mpigie kwa intaneti, sauti tupu," alisema. "Sauti hailagi bando. Kinachokula ni uso. Na kama hamna jambo la haraka, mtumie meseji ya sauti. Unarekodi hata kama mtandao haupo, ukirudi inajituma yenyewe. Yeye huko anaisikiliza akipata nafasi."

"Na wewe na mwenzako mnafanya hivyo?"

"Sisi tunaonana Jumapili tu," alisema. "Siku nyingine tunasikilizana. Inatosha, ukizoea."

Nilizoea. Mke wangu alikuwa na intaneti ya bure kwenye nyumba waliyopangiwa, kwa hiyo mzigo ulikuwa upande wangu peke yake, na ukawa mwepesi. Alikuwa anafanya zamu ya usiku. Anatoka saa mbili asubuhi ya kwao, kwetu inakuwa saa tano, nami ndio nimeshakata vitambaa na nimekaa kwenye cherehani. Niliiweka simu kwenye rafu ya nyuzi, tukaongea huku nakanyaga. Wateja wakaja kuzoea kwamba saa tano fundi ana mgeni. Wengine walimsalimia. Mama mmoja muuza parachichi alimweleza dalili zake zote za mgongo, na mke wangu akamwelekeza aende hospitali, akaenda.

Tulijifunza adabu ya simu ya mbali. Kuna kuchelewa kidogo kati ya neno na jibu, na usipokuwa mvumilivu mnagongana kama watu wawili mlangoni. Kwa hiyo mmoja alisema hadi mwisho, akanyamaza, ndipo mwingine akaanza. Zamani tulipokuwa nyumba moja tulikuwa tunakatizana kila sentensi. Sasa nilimsikia mke wangu akimaliza mawazo yake, na nikagundua ana mawazo mengi marefu ambayo sikuwahi kuyafikia mwisho. Alinieleza juu ya bibi mmoja wa huko anayemwita kwa jina la dada yake aliyekufa, na jinsi mwanzoni alivyokuwa anamsahihisha, halafu akaacha, akaitika. Nilisimamisha cherehani nikamsikiliza.

Haikuwa siku zote namna hiyo. Mvua kubwa ikishuka, mtandao unaondoka, umeme unafuata. Ipo wiki tuliyonuniana kwa sababu aliona nimesoma meseji yake na sijajibu, kumbe niliifungua tu simu ikaisha chaji. Wale watu wa Ulaya nao wana tabia ya kusogeza saa zao, na siku waliposogeza nilikaa nikingoja hadi nikadhani amepatwa na jambo. Lakini tulirudi kwenye mstari.

Taabu kubwa ilikuwa mama mkwe.

Yeye alikuwa na kitochi tu. Simu janja tuliyompelekea aliifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini, akasema kitu chenye kioo namna ile kinamtazama mtu. Na nyumbani kwake intaneti ilikuwa haishiki, ilishika juu kwenye njia panda ya shule. Mke wangu kumpigia moja kwa moja kutoka kule kulikuwa ghali mno. Alifanya mara moja moja, wakasalimiana haraka haraka kama watu wanaokimbia mvua, ikakatika. Mama akawa ananipigia mimi kuniuliza, "Mwanangu anakula? Sauti yake ikoje?" Nami nikawa natumwa huku na huku kama karani wa posta.

Siku moja, niko na mke wangu kwenye simu janja, kitochi kikaita. Alikuwa mama. Nikapokea, nikawaza, nikakileta kitochi karibu na ile simu nyingine.

"Haloo?" akasema mama.

"Mama?" akasema mke wangu kutoka Uingereza.

Kulitoka mluzi wa kutoboa masikio, kisha hakuna aliyemsikia mwenzake. Lakini nilikuwa nimeshaona njia. Kumpigia mama kwa dakika za bando la ndani hakukuwa na gharama ya maana. Kumpigia mke wangu kwa intaneti vivyo hivyo. Kilichobaki ni kuziunganisha. Nilijaribu kwa siku kadhaa. Mluzi ulitokana na simu zote mbili kujisikia zenyewe, kwa hiyo nililaza kitochi juu ya simu janja kichwa chini, spika ya hii ikaangalia mdomo wa ile, na mdomo wa hii ukaangalia spika ya ile. Kati yake nikapachika sponji za mabega, zile tunazowekea kwenye makoti, zisichanganye sauti. Kisha nikafunga vyote kwa kipande cha bitana. Mluzi ukaisha.

Mazungumzo yao ya kwanza namna ile yalikwenda hadi chaji ya kitochi ikaisha. Mama alilia kidogo, kisha akauliza kama huko kuna ndizi. Mke wangu alimwambia zipo, lakini ni za kuivisha, hakuna mtu anayezipika. Mama akasema basi hao watu wana shida. Baada ya hapo aliniambia kwenye simu, "Ndaga fijo, mkwe." Asante sana. Lilikuwa neno la kwanza la Kinyakyusa kuniambia mimi, si kuhusu mimi.

Ikawa kila Jumamosi. Waliongea Kinyakyusa, mimi nikashikilia bitana huku nakanyaga cherehani kwa upole. Mama hakujua kwamba nasikia lugha yao. Miaka mingi ya kupima viuno vya akina mama wa vijijini ilikuwa imenifundisha, ingawa kwa kuzungumza nilikuwa na ulimi mzito. Mke wangu alijua. Nilimwambia zamani, tukacheka, na yeye hakumwambia mama, akisema mwache awe huru. Kwa hiyo kwenye mazungumzo yale mke wangu alikuwa anajua kwamba niko ndani yake.

Jumamosi moja ya mvua nyepesi, mama alimaliza habari za ng'ombe na za mazishi ya jirani, kisha akasema kwa Kinyakyusa, bila kubadilisha sauti:

"Na lile ulilonieleza, umeshamwambia mumeo? Kwamba wanataka kukuongezea miaka miwili mingine?"

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali.

Upande wa Uingereza hapakuwa na jibu. Mama akadhani mtandao umekatika. "Haloo? Nasema ile miaka miwili. Umemwambia?"

"Mama," akasema mke wangu polepole, kwa Kiswahili. "Anasikia."

"Nani?"

"Mume wangu. Anajua Kinyakyusa."

Nikasema karibu na bitana, "Nipo hapa, mama. Shikamoo."

"Marahaba," akasema mama, kwa sauti ndogo sana, akakata.

Tukabaki wawili. Mke wangu akasema nimpe nafasi anieleze. Nikamwambia nina mteja, na ni kweli alikuwepo, amesimama mlangoni na suruali mkononi. Tukaagana vizuri. Lakini nilishona zipu ya suruali ile kinyume, nikaifumua, nikaishona tena kinyume.

Kilichoniuma si miaka miwili. Watu husubiri. Kilichoniuma ni hesabu niliyoifanya nikiwa nafumua: alimweleza lini? Jumamosi zote nilikuwepo, na sikuwahi kusikia. Maana yake alimpigia mama moja kwa moja, kwa ile njia ya ghali, makusudi, ili jambo lipite pembeni yangu. Sisi tuliohangaika na mabando na sponji ili tusikilizane, yeye alikubali kulipa ili nisisikie.

Jioni akanitumia meseji ya sauti. Sikuifungua. Asubuhi nilichukua bodaboda hadi Masukulu.

Mama alikuwa uani anamenya ndizi. Aliponiona alinyanyuka, akaketi tena, akaninyooshea kigoda. Niliona hakulala vizuri. Nikamsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mama," na yeye akatikisa kichwa, akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Mimi nakusema na wewe unakula ndizi zangu."

"Hukunisema vibaya, mama."

"Mwaka wa kwanza nilikusema."

"Mwaka wa kwanza nilikuwa bado sielewi."

Akacheka sasa kwa sauti. Kisha akanipa kisu kingine, tukamenya pamoja. Aliniambia kwamba binti yake hakunificha kwa ubaya. Alimpigia akilia. Alisema kule wanampenda kazini, wanataka abaki, na akibaki duka la dawa litasimama imara, lakini anaogopa kumwambia mumewe kwa simu, kwa sababu kwenye simu haoni uso. "Akasema, mama, nikimwambia halafu akanyamaza, nitajuaje kama amekasirika au mtandao umekatika? Nikamwambia, basi mwambie ukimwona. Akasema nitamwona lini?" Mama aliweka ndizi chini. "Mimi ndiye nilisahau kama ni siri. Uzee."

Nilikaa nikiangalia maganda. Kitu alichokisema kilikuwa cha kweli. Sauti haili bando, lakini na yenyewe haina uso. Tulikuwa tumebana matumizi hadi tukajibana wenyewe. Miezi ilikuwa imepita tangu niende pale dukani kununua waifai ya saa moja ili tuonane. Kila mara tulisema si lazima, tunasikilizana, inatosha.

"Mama," nikasema, "ile simu ya kioo bado ipo?"

"Ipo kabatini."

"Twende nayo juu kwenye njia panda."

Alifikiri. Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge kizuri na kilemba. Simu aliibeba bado iko kwenye kitambaa chake. Tulipita kwanza kuijaza chaji kwa jirani mwenye sola, tukapumzika hapo hadi ikawaka, kisha tukapanda kilima taratibu, yeye mbele.

Pale njia panda mtandao ulishika. Nilijiunga bando bila kuuliza kubwa au dogo. Nikampigia mke wangu kwa video. Alipokea akiwa kitandani, ametoka zamu, nywele zimefungwa. Alipomwona mama yake ameshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto, alifunika mdomo.

"Umekonda," mama akasema.

"Sijakonda, mama."

"Umekonda shingoni." Akaigusa shingo ile kwenye kioo kwa kidole. Kisha akanipa simu. "Haya, mwone mumeo. Mtazame vizuri." Akasogea pembeni, akageukia mashamba ya chai, akatuachia nafasi kadiri kilima kilivyoruhusu.

Mke wangu alinitazama. Mimi nilimtazama. Alikuwa na alama nyeusi chini ya macho ambazo sauti haikuwahi kunieleza.

"Umekasirika?" akauliza.

"Nilikasirika jana."

"Na leo?"

"Leo nimemenya ndizi na mama yako."

Akacheka na kulia pamoja. Akanieleza yote kwa mpangilio, na nikamwacha amalize. Nami nikamweleza langu: kwamba miaka miwili bila kumwona siwezi, lakini kukaa kwenye njia yake siwezi pia. Nikamwomba aulize kama wanaweza kumpa mkataba wa mwaka mmoja, na likizo aje nyumbani kabla haujaanza. Na kwamba kuanzia siku ile, jambo lolote zito tutaambiana kwa uso, hata kama wiki hiyo tutakula ugali na mchicha tu.

"Na mama asipigiwe kwa njia ya pembeni," nikasema.

"Sitarudia," alisema.

Mama, aliyekuwa hasikilizi, akasema bila kugeuka, "Hata mimi ile simu yenye haraka siipendi."

Waliuliza kazini, ikachukua muda, wakakubali. Alikuja mwezi wa saba, baridi ya Tukuyu ikiwa imekaza, akasema ya huku ni mbaya zaidi kwa sababu inaingia ndani. Siku za kwanza tulikuwa watu wa ajabu. Tulikaa meza moja na bado mmoja alisema, kisha akanyamaza akingoja, na mwingine akahesabu pumzi ndipo ajibu. Mwalimu wa Singida alikuja kumsalimia, akatutazama, akasema, "Nyie mmeharibika kama sisi." Mchumba wake alikuwa amesharudi kutoka China na harusi ilikuwa imepangwa; gauni nililishona mimi. Ilichukua wiki nzima hadi mke wangu aliponikatiza katikati ya sentensi kwa mara ya kwanza, na nilifurahi mno hata nikasahau nilichokuwa nasema.

Sasa amerudi kule, mwaka wake uko katikati. Chumba cha duka la dawa tumeshapata, tunapaka rangi. Mama amejifunza meseji za sauti. Mtoto wa jirani humchajia simu, yeye hupanda kilima Jumapili akitoka kanisani, anasimama njia panda na kusema yote kwa pumzi moja: ng'ombe, mazishi, mvua, nani kamjibu nani vibaya kwenye kwaya. Zinakuwa ndefu kiasi kwamba mke wangu husikiliza nusu akienda kazini na nusu akirudi. Wiki iliyopita zilikuwa mbili, moja ya binti yake na moja yangu. Yangu ilikuwa ya Kinyakyusa kitupu, haraka haraka, bila kunionea huruma, na kuna mahali ilibidi nirudie mara tatu ndipo nikaelewa kwamba ananiuliza ukuta wa duka tumeupaka rangi gani, na kama bado hatujapaka, yeye anapenda bluu.